Padre Huc na Mahujaji wa Tibet: Maoni juu ya Kitabu Chake

Katika vitabu vilivyoandikwa na wamisionari juu ya dini za Asia, ni vichache vilivyosomwa na watu wengi kama kitabu cha Padre Évariste Huc juu ya safari yake katika nchi za Tartari na Tibet. Kilipigwa chapa Paris mwaka wa 1850, na punde kikafasiriwa kwa Kiingereza. Hata mwalimu asiyekishika mkononi huenda amekwisha kukutana na habari zake, maana waandishi wengi wamechota kisimani mwake pasipo kutaja kisima. Kwa hiyo yafaa tukiangalie kitabu hiki kwa makini, tuone ni kipi cha kupokea na ni kipi cha kukataa, hasa katika mambo ya mahali patakatifu na safari za ibada. Mwalimu anayesimulia habari za dini ya watu wengine hubeba amana, naye ataulizwa juu yake.

Kwanza habari za mtu mwenyewe. Padre Huc alizaliwa kusini mwa Ufaransa mwaka wa 1813, akawa padre wa Shirika la Misioni, yaani Walazaristi. Mwaka wa 1844 yeye na mwenzake, Padre Joseph Gabet, waliondoka katika misioni yao kaskazini ya ukuta wa China, pamoja na kijana Samdadchiemba, aliyekuwa lama zamani kabla ya kubatizwa. Walivuka nyika na jangwa, wakakaa miezi mingi Kumbum na jirani yake wakijifunza Kitibeti, kisha wakaandamana na msafara mkubwa hata wakafika Lhasa tarehe 29 Januari 1846. Huko hawakukaa hata miezi miwili; mwakilishi wa mfalme wa China akawatoa. Gabet alifariki mwaka wa 1853, na Huc mwaka wa 1860.

Sifa ya kwanza ya kitabu ni kwamba mwandishi aliishi na watu anaowaeleza. Alijua lugha yao, alikunywa chai yao, alilala katika hema zao. Sifa ya pili ni kubwa zaidi: anatoa ushahidi hata pale ushahidi unapomtia yeye mwenyewe katika taabu. Kumbum maana yake ni sanamu mia elfu. Ndipo alipozaliwa Tsongkhapa, mwalimu mkuu wa malama wa kofia za manjano, mwaka wa 1357. Palikuwa na mti mtakatifu, nao watu walisema kwamba uliota katika nywele zake zilizonyolewa na kutupwa chini, na ya kuwa kila jani lina herufi za Kitibeti. Padre Huc alikwenda kuutazama akidhani atafumbua hila. Alitazama majani, akachungua gome, akatafuta mkono wa mtu, asiuone. Akaandika waziwazi kwamba aliona herufi, na kwamba hakuweza kueleza zimetoka wapi. Wasafiri waliomfuata miaka ya nyuma hawakuziona kama yeye, na wengine wamemcheka kwa hiyo. Mimi sitamcheka. Mmisionari aliyetaka kuushinda mti ule kwa maneno angeweza kunyamaza, yeye hakunyamaza. Mtu wa namna hii astahili kusikilizwa, na ndiyo sababu makosa yake yastahili kupimwa kwa uangalifu.

Kosa la kwanza li katika jambo lililomfanya ajulikane kuliko yote. Padre Huc aliona mambo mengi katika ibada ya malama yaliyofanana na ya Kanisa lake: fimbo ya kiaskofu na mitra, majoho, kuimba zaburi kwa pande mbili, chetezo chenye minyororo mitano, baraka kwa kunyosha mkono wa kuume juu ya vichwa vya watu, tasbihi, useja wa watawa, mafungo ya kiroho, kufunga, maandamano, litania, na maji ya baraka. Orodha hii ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Kila mtu mwenye macho aweza kuiona hata leo. Walakini Padre Huc hakuishia katika kuona. Alitoa hukumu kwamba mambo haya yametoka kwa Wakristo. Alisikia masimulizi ya kuwa Tsongkhapa alifundishwa na mgeni kutoka magharibi, mwenye pua ndefu na macho ya kung'aa. Akakisia ya kuwa mgeni huyo alikuwa mmisionari wa Kanisa.

Si neno la upuuzi. Twajua kwamba Wakristo wa Mashariki walikuwapo China zamani. Jiwe lao lililochongwa mwaka wa 781 lingaliko Xi'an. Twajua kwamba Ndugu William wa Rubruck alifika Karakorum mwaka wa 1254, na ya kuwa Yohane wa Montecorvino alikuwa askofu katika mji mkuu wa Wamongoli, akafa huko mwaka wa 1328 au karibu yake. Basi kukutana kulikuwapo. Lakini kukutana si kuazima. Watawa wa dini ya Buddha waliishi katika useja, wakivaa mavazi yao na kukaa chini ya kanuni, karne nyingi kabla ya kuzaliwa Bwana wetu. Na safari za ibada vilevile. Huko Lumbini, katika nchi inayoitwa leo Nepali, liko nguzo la mawe la mfalme Ashoka, la karne ya tatu kabla ya Kristo. Maandishi yake yasema ya kuwa mfalme alifika yeye mwenyewe akapaheshimu mahali hapo, kwa sababu Buddha alizaliwa hapo, na ya kuwa alikipunguzia kijiji kile kodi yake. Hujaji huyu wa kifalme alitangulia miaka zaidi ya mia tano mbele ya Mtakatifu Helena kwenda Yerusalemu. Nguzo hilo lilionekana tena mwaka wa 1896 tu. Padre Huc hakuwa na njia ya kulijua. Sisi twalijua, basi hatuna udhuru wa kurudia hukumu yake.

Tena, kama ni kuazima, kuna mkopo mmoja uliothibitika, nao ulikuja upande wetu. Wakristo wa zamani walipenda sana hadithi ya Watakatifu Barlaam na Yosafati: mwana wa mfalme aliyefichwa ndani ya jumba asiyaone mateso ya dunia, akaona ugonjwa, na uzee, na mauti, akaacha ufalme na kuwa mtawa. Majina yao yakatiwa katika Martirologia ya Roma karne ya 16, kwa siku ya 27 Novemba. Wataalamu wamekwisha kuonyesha ya kuwa hadithi hiyo ni maisha ya Buddha yenyewe. Jina Yosafati ni neno la Kihindi bodhisattva. Lilipopita katika Kiarabu likawa Budhasaf; halafu mwandikaji mmoja akakosea nukta, maana herufi be ina nukta moja chini na herufi ye ina mbili, likawa Yudhasaf; Wageorgia wakalichukua, kisha Wagiriki, kisha Walatini. Yeyote aliyesoma maandishi ya Kiarabu hapa pwani anajua jinsi nukta moja inavyoweza kubadili neno zima. Lakini ajabu si nukta. Ajabu ni kwamba Wakristo waliisikia hadithi ile, wakasema: huyu ni mtakatifu. Walimtambua kwa matendo yake kabla ya kujua jina lake.

Kosa la pili ni la sauti zaidi kuliko la habari. Padre Huc ni mcheshi, na ucheshi wake ndio uliompatia wasomaji. Lakini mara nyingi kicheko chake humwangukia mtu aliyepiga magoti. Nitatoa mifano mitatu.

Katika nyumba ya watawa iitwayo Rache-Tchurin aliona mahujaji wakiizunguka nyumba yote, wakilala kifudifudi kila hatua, paji la uso likigusa udongo. Asema ya kuwa mzunguko hauruhusiwi kukatizwa, hata kwa kula. Na nyumba ikiwa kubwa, mtu huanza alfajiri akamaliza jioni. Wengine, badala ya kusujudu, hubeba mgongoni mzigo mzito wa vitabu vya dini, wakahesabiwa kuwa wamesoma sala zote zilizomo.

Katika nyumba hiyohiyo palikuwa na gurudumu la sala, yaani pipa lililoandikwa sala, ambalo mtu huzungusha kwa mkono, nalo likizunguka huhesabiwa kuwa linasali kwa ajili yake. Lama mmoja alilizungusha akaenda zake. Mwingine akaja, akalisimamisha, akalizungusha kwa ajili ya nafsi yake. Wa kwanza akaona, akarudi, akalisimamisha naye. Wakagombana hata wakapigana. Ndipo lama mzee akatoka, akawaamua, akalizungusha yeye mwenyewe kwa faida ya wote wawili.

Mfano wa tatu ni wa farasi wa karatasi. Malama waliokuwa jirani zake walimwambia ya kuwa wana ibada kwa ajili ya wasafiri wa dunia yote. Walichapa picha za farasi juu ya vipande vya karatasi, wakapanda mlimani, wakazitupa katika upepo, wakiamini kwamba Buddha atazigeuza kuwa farasi wa kweli kwa ajili ya wasafiri waliochoka njiani.

Msomaji acheke akipenda. Hata mimi nimetabasamu kwa habari ya pipa. Lakini tuulize yaliyomo. Lama mzee aliyeamua ugomvi kwa kuwazungushia wote wawili alifanya kazi ambayo kila paroko anaijua, maana ni parokia gani isiyowahi kuona waumini wawili wakigombea nani atatangulia katika kutoa heshima? Na watu waliopanda mlima penye baridi ili wasafiri wasiowajua wapate farasi, je, hawakuwa na upendo? Sisi nasi huwaombea wasafiri. Twaamini ya kuwa Mungu huisikia sala yetu, nao waliamini ya kuwa Buddha atageuza karatasi. Tofauti ni kubwa, wala siipunguzi. Lakini huruma iliyowapandisha mlimani ni huruma kweli. Padre Huc ameiona karatasi kwa macho makali. Huruma ameipita upesi.

Wala hakukosa kutendewa huruma hiyo yeye mwenyewe. Kanuni ya Kumbum ilitaka mgeni akaaye zaidi ya mwezi avae vazi la malama. Mapadre wakakataa, kwa kuwa ni makuhani wa Yesu Kristo. Wakuu wa Kumbum hawakuwafukuza wala hawakuwalazimisha. Waliwapa mahali pa kukaa Chogortan, karibu na hapo, ambapo kanuni ile haikuwabana. Padre Huc anasimulia jambo hili kwa shukrani, naye afanya vema. Ni moja katika kurasa bora za kitabu chake, kwa sababu pale lama ni mtu mwenye dhamiri anayeheshimu dhamiri ya mwenzake.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Miaka minane baada ya kitabu hiki kutoka, mwaka wa 1858, katika nchi yake mwenyewe, Bernadette Soubirous, msichana wa miaka 14, alimwona Bibi mara 18 katika pango la Lourdes. Tangu hapo makundi na makundi huja, hugusa mwamba, hunywa maji, huoga katika birika, huandamana usiku na mishumaa. Mgeni asiye Mkristo akifika pale na daftari lake, ataandika nini? Ataandika mwamba uliolainika kwa mikono ya watu. Asipouliza zaidi, hataandika kwamba Kanisa limekubali kwa muujiza ponyo 70 tu hadi mwaka wa 2018, baada ya kuchunguzwa na waganga; wala kwamba wengi warudipo bila kupona husema wamepata walichokijia. Na Uganda, kila tarehe 3 Juni, watu hufika Namugongo walipochomwa moto mashahidi wa mwaka wa 1886. Wengine wametembea kwa miguu siku nyingi kutoka nchi jirani. Atazamaye miguu yao ataona vumbi. Lazima amwulize mwenye miguu ndipo ajue kisa cha vumbi.

Hili ndilo neno langu kuu juu ya kitabu cha Padre Huc: alitazama sana, aliuliza kidogo. Mahali patakatifu hapaelezwi kwa vitu vilivyopo tu. Sharti tuulize: hujaji amekuja kutafuta nini, na kwa nani? Tukiuliza hivyo, mfano na tofauti huonekana pamoja. Mbuddha aendaye Bodh Gaya, penye mti ambao chini yake Buddha alipata mwanga, haendi kuomba msamaha kwa Muumba, maana dini yake haikujengwa juu ya Muumba. Anakwenda kumkumbuka mwalimu aliyeonyesha njia ya kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa, na kutenda mema yatakayomsogeza katika njia hiyo. Mkatoliki aendaye Lourdes au Namugongo anakwenda kwa Mungu aliye hai, akiomba neema kwa maombezi ya watakatifu. Magoti yamefanana, mlango unaobishwa si mmoja. Mtu asemaye kwamba yote ni sawa anawadharau wote wawili, sawasawa na asemaye ya kuwa mmoja amemwibia mwenzake.

Hapa ndipo lugha yetu inapoingia, na gazeti hili lina haki ya kudai usahihi. Tukitaka kusimulia habari hizi kwa Kiswahili, maneno manne hututega.

La kwanza ni hija. Asili yake ni safari ya Makka, iliyo faradhi kwa Mwislamu mwenye uwezo, kwa mwezi wake maalumu. Kanisa limelizoea neno hili, nami sitaki liondolewe. Lakini safari ya Lourdes si faradhi kwa Mkristo, wala ya Bodh Gaya kwa Mbuddha. Katika asili, neno ziara, kuzuru, laikaribia zaidi maana hiyo. Mwalimu atumiaye hija afafanue ya kwamba hapa hakuna sharti.

La pili ni kuabudu. Twasema upesi mno ya kuwa Mbuddha anaabudu sanamu. Kiswahili kina neno jingine, kusujudu, ambalo ni kazi ya mwili. Kuabudu ni kazi ya moyo. Jicho huona kusujudu tu. Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka wa 787, ulipambanua ibada impasayo Mungu peke yake na heshima itolewayo kwa sanamu takatifu, heshima ambayo humfikia yule aliyechorwa. Sisi twautumia upambanuzi huo kila siku tunapowajibu jirani zetu Waislamu wa pwani watuulizao kwa nini twapiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Twawaomba wasituhukumu kwa magoti. Basi tuwape na wengine haki tunayoiomba. Andika: alisujudu mbele ya sanamu ya Buddha. Kisha uliza moyo wake ulikuwa wapi.

La tatu ni thawabu. Wafasiri hulitumia kwa mema anayojikusanyia Mbuddha katika safari ya ibada. Lakini thawabu hutolewa na Mwenyezi Mungu, na kwa Mbuddha hakuna mtoaji. Tendo jema huzaa lenyewe, kama mbegu izaavyo mti wake. Afadhali tuseme matunda ya matendo, ingawa ni maneno matatu mahali pa moja.

La nne ni tasbihi, nalo latufundisha vizuri. Neno la Kiarabu, latumiwa na Mwislamu, na Mkatoliki huliita hivyo rozari yake, na Padre Huc aliiona shanga kama hiyo mikononi mwa malama. Hakuna anayedhani ya kuwa Mkatoliki amekuwa Mwislamu kwa kutumia neno lile. Kama jina laweza kutumiwa na wengi bila imani kuchanganyika, basi na kitu vilevile.

Mwaka wa 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano uliitaja dini ya Buddha kwa jina, ukasema kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Padre Huc hakuishi kuyasikia hayo. Lakini ukisoma kurasa zake za Chogortan, na za mti wa Kumbum, utaona kwamba mkono wake ulikuwa umeanza kuyaandika kabla ya akili yake kuyakubali.

Kwa hiyo sisemi kitabu hiki kiwekwe kando. Mwalimu akisome, na akisimulie darasani, kwa kuwa ni kitabu cha mtu jasiri na mkweli. Habari za alichokiona azipokee. Hukumu ya nani ameazima kwa nani asiirudie. Na afikapo penye kicheko, asimame kidogo, awaulize wanafunzi: huyu aliyelala kifudifudi anatafuta nini? Amri isemayo usimshuhudie jirani yako uongo haikuweka mpaka wa jirani. Lama wa Kumbum yumo. Nyumba yake ingali imesimama karibu na Xining, na mahujaji wangali wakiizunguka; na mtoto tunayemfundisha leo aweza siku moja kukutana na mmoja wao. Tumpe maneno ya haki ya kumwuliza.